Mtani Aliyeacha Kunitukana

Jirani yangu hunisalimia vizuri kila asubuhi. Husimama upande wake wa michongoma, huvua kofia na kusema, "Habari za asubuhi, mzee. Umeamkaje?" Nami hujibu kwamba nimeamka salama, namwuliza habari za miguu yake, naye husema anamshukuru Mungu. Mpita njia angesema hawa ni wazee wawili wenye adabu. Mimi nikirudi ndani natamani kuvunja kikombe.

Yeye ni Mgogo. Aliletwa Tabora na kazi ya reli akiwa kijana, akaoa hapahapa, akajenga huku mtaani Cheyo, akazeeka. Mimi ni Mnyamwezi, na nyumba ninayoishi ni ya marehemu mama yangu. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita nchi yao kavu na pembe za ndovu mabegani, nao wakiwatoza hongo, ushuru wa njia, ndipo wawaruhusu kunywa maji ya visima. Ugomvi ule ulizaa undugu wa ajabu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kuketi kwenye chakula chako bila kukaribishwa, kucheka katika msiba wako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeukata utani. Kwa hiyo Mgogo anayemwamkia Mnyamwezi kwa adabu kila siku, kofia mkononi, hajamheshimu. Amemfukuza.

Hakuwa hivi. Zamani nikija likizo, kabla sijateremsha begi, nilimsikia ng'ambo ya ua.

"Mwangaluka, mpagazi! Safari hii umebeba mzigo wa nani?"

"Nyamaza, ombaomba. Umekwisha kula mlenda wako?"

"Nimekula. Na ugali wa mama yako nimekula. Wewe ndiye mwenye mama, mimi ndiye ninayeshiba."

Mama alikuwa akicheka mpaka anatafuta mahali pa kukaa. Mimi pia nilicheka. Sikuona kwamba yule mtu alikuwa akisema jambo la kweli, tena kila mara lilelile.

Nilikuwa rubani wa mkataba. Watu wa hapa wakisikia rubani, hudhani ni mtu wa kampuni fulani, kama mwalimu alivyo mwalimu wa shule fulani. Mimi sikuwa wa mtu. Ndege za kwetu zilipokosa vipuri zikalala, nilijiandikisha kwa wakala ambaye ofisi yake ilikuwa katika kisiwa nisichowahi kukiona, na wakala akanikodisha kwa kampuni ya nchi ya jangwa. Nilivaa sare yao na nembo yao kifuani. Abiria walinishukuru wakishuka. Lakini marubani wa nchi ile walikuwa na chama, pensheni na shule za watoto wao, nasi wageni tulikuwa na tarehe ya kuishia. Ukiumwa, hulipwi. Ukilalamika, mkataba wako haurudiwi, na hakuna atakayekuambia sababu.

Nilikubali. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, maana sikulazimishwa na mtu. Babu alitusimulia kwamba wapagazi wa Unyamwezi walikuwa na kiburi: mwenzao akiugua njiani, walitua mizigo yote chini na kumwambia kiongozi wa msafara kwamba hakuna atakayenyanyua chochote mpaka mgonjwa apatiwe mahali pa kuuguzwa. Sisi, mwenzetu mmoja alipokutwa na ugonjwa wa moyo katika uchunguzi wa madaktari, akafutiwa leseni, jambo la kwanza tuliloulizana ni nani atachukua safari zake. Nilizichukua mimi. Nilimsindikiza hadi mlangoni, nikampa mkono, kesho yake nikakaa kwenye kiti chake.

Basi mama akaanza kuumwa. Mke wangu alikwisha kuchoka kuolewa na begi, akarudi kwao, kwa hiyo mama alibaki na dada yangu, aliye mdogo kwangu, na huyo jirani Mgogo aliyekuwa akiingia na kutoka kama mtu wa nyumbani. Dada alinipigia simu.

"Kaka, mama anakuulizia."

"Mwambie nakuja mwezi ujao."

"Mwambie mwenyewe, huyu hapa."

Sauti ya mama ilikuwa nyembamba. "Mwanangu, kwani hiyo ndege haina mtu mwingine wa kuiendesha?"

"Yupo, mama."

"Basi mpe."

Nilicheka. Nilimweleza kwamba mwezi ule ndio wanaamua mikataba ya nani irudiwe, na anayeomba ruhusa wakati kama huo anajiondoa mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Michembe yako ya viazi nimekuwekea," akamrudishia dada simu.

Mkataba ulirudiwa. Mama akafa.

Habari ilinikuta katika hoteli ya mji wa kigeni, nimetoka kuoga baada ya safari. Nilimpigia dada na kumwambia neno moja, kwa sauti ile niliyokuwa nikitumia kwenye chumba cha marubani: "Msizike mpaka nije. Mimi ndiye mkubwa. Nakuja kesho." Hakubisha. Mtu gani angebisha? Nilikuwa mtu wa ndege. Katika ukoo mzima, mimi ndiye niliyekuwa na njia fupi kuliko wote ya kufika popote.

Sasa nitasema jambo ambalo watu nje ya kazi ile hawalijui, na likijulikana wanalionea haya kwa niaba yetu. Rubani hanunui tiketi. Ana haki ya tiketi ya wafanyakazi, ya bei ya kutupa, lakini tiketi ile haina kiti. Unakwenda uwanjani, unasimama kando ya mlango, abiria wote waliolipa wanapanda, na kama kuna kiti kimebaki, unaitwa. Kisipobaki, unarudi na begi lako. Tuliizoea kiasi kwamba kulipa nauli kamili tuliona ni aibu, kama mkulima wa karanga kukutwa gengeni akinunua karanga. Nilikuwa na kadi ya benki mfukoni. Nilikuwa na fedha za kununua viti vya safu nzima. Nikaenda kusimama kando ya mlango.

Ndege ya kwanza ilijaa. Binti wa kampuni, mwenye ushungi, aliniambia, "Samahani, kapteni," nikatabasamu kama mtu asiye na haraka. Ndege ya pili ilikuwa na kundi la wachezaji mpira waliokuwa wakirudi kwao na makelele. Rubani mwenzangu aliyekuwa akipita aliniona. "Bado upo? Kanunue tiketi, ndugu yangu. Ni mama." Nikamwambia ya jioni huwa haijai. Mimi ndiye niliyekuwa nikiirusha njia ile, naijua. Ya jioni ilijaa.

Dada alipiga simu nikiwa nimekaa juu ya begi.

"Kaka, uko wapi?"

"Uwanjani."

"Ndege imeharibika?"

"Imejaa."

"Imejaaje wewe ukiwa rubani?"

Nikamweleza. Nyuma yake nilisikia wanawake wa kanisani wakiimba.

"Kaka," alisema mwishowe, "ina maana hujanunua tiketi?"

Kama ningeinuka wakati ule na kununua tiketi ya usiku ya kampuni nyingine, ningewahi. Sikuinuka. Nilikasirika, nikamwambia hajui mambo ya safari za ndege. Nilipata kiti kesho yake, kiti cha wahudumu, nikashukia Dar es Salaam. Ndege ya Tabora haikuwepo siku hiyo, nikakodi gari na dereva wake. Miaka yote nilipita juu ya nchi hii nikinywa kahawa. Sasa Morogoro haikuisha, Dodoma haikuisha, na baada ya Manyoni nililala macho wazi nikitazama vichaka vya Itigi, njia ileile waliyotembea babu zangu kwa miguu, nikawaza kwamba huenda hata wao wangewahi.

Walikuwa wamezika jana yake. Waislamu wa mtaa, ambao kwao maiti hakai, walikuwa wamevumilia mpaka wakaanza kuuliza kwa upole kama kuna tatizo. Wazee wa kanisa wakasema inatosha.

Nilishuka garini mbele ya nyumba hii. Turubai lilikuwa bado limefungwa, watu wamekaa kwenye mikeka. Kabla sijafika kwa dada, jirani yangu Mgogo alitokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa kofia aliyoikata kwenye boksi la sabuni, na mabegani kwenye koti lake kuukuu alikuwa amechora mistari kwa chaki, minne kila bega kama ya kapteni. Alinyoosha mikono kama mabawa akazunguka mikeka akinguruma.

"Abiria wa msiba huu, tunawaomba radhi," alitangaza. "Ndege yetu imechelewa kwa sababu rubani alikuwa anatafuta siti ya bure! Mama amechoka kusubiri, amepanda nyingine!"

Watu walicheka. Hata dada alicheka, huku machozi yanamtoka. Ndivyo inavyotakiwa. Mtani huleta kicheko ili wafiwa wapumue, na anayetukanwa hujibu tusi, humtupia mtani kitu kidogo, msiba unaendelea. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto. Lakini miaka mingi nilikuwa nimeishi mahali ambapo watu waliniita kapteni na kunyamaza nikiingia. Nilikwenda mpaka alipokuwa nikampiga kofi. Kofia ilianguka. Chaki ya bega lake ilibaki kwenye mkono wangu.

Kicheko kilikatika. Niliwahi kusikia injini ikizimika angani, na hata hapo palikuwa na sauti zaidi.

Mgogo aliinama, akaokota kofia yake ya boksi, akaikunja vizuri mara mbili akaiweka mfukoni. "Pole sana kwa msiba, mzee," alisema. Akaenda kwake. Hajaniita mpagazi tena tangu siku hiyo.

Dada ndiye aliyenieleza, jikoni, akiwa ananipa mgongo. Siku ya mazishi, jeneza lilipofika makaburini, Mgogo alikuwa ametangulia. Aliruka ndani ya kaburi akalala chali, akakunja mikono kifuani. Watani hufanya hivyo. Hudai kuku au chupa ya kinywaji, wanapewa, wanatoka. Watu walicheka wakamtupia kitu. Hakutoka. Wakamwongezea. Akasema hataki kitu cha mtu, anamtaka rubani. "Huyu mama hazikwi mpaka mpagazi wake aje. Atakuja. Ana ndege." Mchungaji alimaliza nyimbo zake akaanza tena. Jua likapanda. Watu waliacha kucheka. Kila mlio wa gari barabarani, sauti ilitoka shimoni ikiuliza, "Ni yeye?" na dada akajibu si yeye. Mwishowe vijana walishuka wakamtoa kwa nguvu, analia, udongo umemjaa kichwani.

"Alikushikia nafasi," dada alisema. "Tulimwambia habari ya tiketi jioni, baada ya kuzika. Vijana wasingemtoa, angelala mle mpaka leo."

Ningetoka mara ileile kumfuata. Sikutoka. Niliona aibu, na aibu yangu huvaa hasira, nayo hasira ikanirudisha kazini kabla matanga hayajaanuliwa. Nilirusha ndege zao mpaka nilipofikisha umri ambao sheria hairuhusu tena. Hapo wakala aliniandikia mistari michache akinishukuru na kuniomba nirudishe kitambulisho. Hakunipigia hata simu. Huo ndio mzigo nilioubeba badala ya mama yangu, na siwezi kumlaumu wakala: alinikodisha kama nilivyojikodisha.

Vijana wa siku hizi hunijia hapa na vyeti vyao vya urubani, wanataka niwape njia za mikataba ya nje. "Mzee, unganisha, kuna hela kule." Nawauliza kama mama zao wako hai. Wanacheka, wanadhani nazeeka vibaya.

Basi nikarudi Cheyo, na ng'ambo ya michongoma akawepo yeye. Habari za asubuhi, mzee. Mwanzoni nilidhani atachoka. Hakuchoka. Nilijaribu kumchokoza, nikamwambia Wagogo wameleta ukame Tabora. Akasema, "Ni kweli, mzee, mvua zimechelewa." Krismasi mke wake alituletea sahani imefunikwa kwa kitambaa safi, kama wanavyopelekewa wageni. Nilikula nikiwa nimefura.

Mwaka huu niliona hatuna muda. Miguu yake inavimba, nami moyo wangu si mzuri, moyo ambao niliwaficha madaktari wasije wakanifutia leseni. Nikanunua mbuzi, beberu mzuri wa mnada wa Ziba, nikamchukua dada, tukaenda kwa mlango wa mbele. Alitukaribisha viti. Mke wake akaleta chai. Nikasimama nikasema yote: kwamba nilimkosea, kwamba nilimpiga mtu aliyenilalia kaburini, kwamba naomba msamaha mbele ya dada yangu na mke wake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema vizuri.

"Nimesikia, mzee," alisema. "Asante sana. Mungu akubariki."

Wanawake walipotoka kumfunga mbuzi, nilishindwa kujizuia. "Mbona husemi kitu? Nimekuja na mbuzi!"

Aliweka kikombe chini. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu kofi lile nikaiona hasira yake, na nilifurahi kuiona.

"Unajua nani huleta mbuzi?" aliuliza. "Mkwe. Mgeni. Mtu anayetaka kulipa aondoke zake. Mtani haombi msamaha. Ukiniomba msamaha ndio umethibitisha kwamba ulinipiga kweli."

"Nilikupiga kweli."

"Najua. Shavu ni langu."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Nikuambie nini? Ulinionyesha kwamba wewe ni bwana mkubwa. Bwana mkubwa huamkiwa, nami nakuamkia." Alipumua. "Kesho yake tu, ungeingia humu ukakamata jogoo wangu ukakimbia naye. Ningekufukuza mpaka stesheni, ningekutukana mpaka marehemu asikie, tukamla jioni. Yangekwisha. Nilikusubiri. Nilikuwa hata na jogoo. Nikasikia umepanda ndege." Akainuka kwa taabu kunifungulia mlango. "Mbuzi rudi naye, mzee. Habari za mchana."

Nilirudi na mbuzi. Amekwisha kunimalizia majani ya viazi.

Asubuhi iliyofuata nilipita kwenye mwanya wa michongoma, ambao miguu ya mama yangu na yake ndiyo iliyoufanya. Alikuwa ameketi kigodani juani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Aliponiona alinyanyua mkono kuvua kofia. Sikumpa nafasi ya kunisalimia. Jogoo wake mwekundu alikuwa akidonoa makapi karibu na jiko. Mara ya kwanza nilimkosa, nikapiga goti chini, kitu kikalia gotini. Mara ya pili nilimdaka bawa. Mke wake alitoka na mwiko mkononi, akaziba mdomo. Nilitoka kwa lango kubwa, mbele ya watu wanaokwenda sokoni, nimemkumbatia jogoo anayepiga kelele kama anachinjwa. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya maandazi aliniuliza, "Babu, kulikoni?"

"Nimeiba," nikamwambia.

Nikageuka. Lango lilikuwa wazi, namwona. Alikuwa bado kigodani, ananitazama. Sikuweza kusoma uso wake. Labda nimechelewa tena. Labda ni miguu tu.

"Nifukuze basi!" nilipiga kelele, na sauti yangu haikuwa ya utani, ilikuwa ya mtu aliyekasirika kwelikweli. "Mgogo mchoyo wa maji! Jogoo wako anakwenda! Nifukuze!"

Akatoa mguu mmoja kwenye beseni. Akautazama, maji yakichuruzika, kana kwamba anaupima kama unafaa kwa kazi hiyo. Watu walikuwa wameanza kusimama. Jogoo alinidonoa kidole, damu ikatoka, nami nikabaki palepale katikati ya barabara, sikimbii.